Siku Mama Alipokaa Bafuni na Nguo Zake

Mama alipoanguka shambani Chepsaita na kuumia nyonga, tulimleta kwetu mjini, mtaa wa Munyaka. Kilichomsaidia zaidi ni maji moto. Jioni nilimwingiza bafuni, akajinyoosha kwenye beseni kubwa la kuogea, na uso wake ukalegea.

Kisha rangi ya ukuta katika chumba cha watoto, kinachopakana na bafu, ikaanza kuvimba. Maji yalikuwa yakipenya pale beseni linapokutana na vigae, ambapo silikoni ya zamani, ile gundi ya kuzibia nyufa, ilikuwa nyeusi kwa ukungu na imebanduka. Mume wangu akasema tuling'oe, tuweke shawa. Lakini Mama hangeweza kusimama muda mrefu. Nikasema nitaziba mwenyewe.

Nilikwangua silikoni ile kwa kisu, nikapangusa, nikaacha mahali pakauke kabisa. Mwenye duka aliyeniuzia mpya alikuwa ameniambia nijaze beseni kwanza, lishuke kwa uzito na ufa ufunguke. Nikiziba likiwa tupu, silikoni itachanika mtu akiingia tu. Nikafungua mfereji. Maji yalikuwa yamepotea mtaa mzima.

"Kwani mimi sina uzito?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Mama, hii kitu inachukua muda kushika. Utakaa humo mpaka saa ngapi?"

"Niletee mto na yale maharagwe."

Akakaa ndani na nguo zake zote, kitambaa kichwani, akichambua maharagwe huku mimi nikipitisha silikoni nyuma ya mabega yake na kuilainisha kwa kidole.

"Hapo umeruka," akanionyesha.

Akanisimulia walivyokanda udongo na samadi, yeye na baba, kukandika nyumba yao ya kwanza, mimi nikiwa mgongoni. Tangu tumzike baba hakuwa amemtaja.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alisimama akatutazama. "Na yale magunia ya mahindi kwa stoo, hayana uzito?"

Nilijipiga kofi kwenye paji la uso. Mama akacheka hadi beseni likatikisika.

"Mama, silikoni!"

"Niliyakumbuka mapema," akasema. "Lakini tangu nianguke mnaniambia nikae tu. Leo angalau nimekaa kazini."

Tuliweka magunia miguuni pake, kisha tukamtoa polepole. Maji yaliporudi, silikoni ikiwa imeshika, aliingia tena, safari hii kuoga, nami nikaenda kupapasa ukuta wa chumba cha watoto. Ulikuwa mkavu.

Mvua zilipokaribia alirudi Chepsaita na mkongojo wake, akituuliza njiani nani amemlimia shamba.