Nusu ya Ndevu

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, na hakuna aliyeshangaa mwanamke kunyoa wanaume, maana shingo zao zilikuwa shahidi. Kisha akateleza bafuni, akajikinga kwa kiganja cha kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika. Anguko lenyewe lilikuwa la kitoto. Hospitali wakamweleza kwamba tangu hedhi ilipokoma, mifupa yake ilikuwa ikipungua nguvu kimyakimya. Alikasirika kama mtu aliyesengenywa.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mkavu kama kuni. Akakabidhiwa kwa daktari wa mazoezi ya viungo, kijana mwenye ndevu nyingi na huruma kidogo. Pinda, kunjua, geuza kiganja kitazame juu. Kugeuza ndiko kulikomtoa machozi, akawa anaiba kwa kusogeza bega.

"Bega halikuvunjika, mama. Liache lipumzike."

"Mama yako anajua unavyotesa watu wazima?"

"Anajua. Naye namtesa."

Siku hiyo Mkono Mwepesi hakucheka. Mwenye duka la kunyolea, mtoto wa mdogo wake, alikuwa ameshasema kwa adabu zote: "Mama mkubwa, wembe si kitana. Ukimkata mtu koo, tumekwisha. Mwisho leo jioni, umnyoe mtu mmoja mbele yangu. Ukishindwa, kiti nampa mwingine." Miaka yote aliyosimama nyuma ya kile kiti! Alimsimulia daktari yote.

Jioni mlango wa duka ukafunguliwa. Daktari akaketi kwenye kiti cha Mkono Mwepesi, akaegemeza kichwa nyuma. "Ndevu zote," akasema.

Mwenye duka akasogea karibu, mikono kifuani. Mkono Mwepesi akapaka povu, akapiga moyo konde. Shavu la kulia likasafika, kisha shingo upande huohuo, wembe ukiteleza bila kelele. Jasho likamtiririka mgongoni. Alipovuka kwenda kushoto, chini ya taya, kiganja kilitakiwa kigeuke. Kikagoma. Maumivu yakampanda hadi kwenye kiwiko. Chini ya makali, mshipa wa shingo ulikuwa unapiga.

Bega tu, akawaza. Nikiinua bega, nitamaliza, na kiti ni changu.

Daktari alikuwa amefumba macho. Hakumeza hata mate.

Mkono Mwepesi akauondoa wembe, akauweka mezani. "Upande huu siwezi," akasema, na aibu ikamchoma kuliko mfupa. "Leo siwezi."

"Hamna neno." Daktari akajifuta povu.

Mwenye duka akauchukua wembe haraka. "Samahani sana, daktari. Kaa, nikumalizie mimi."

"Asante, mimi ni mteja wa mama yako mkubwa. Upande alionyoa hajanikwaruza hata kidogo. Uliobaki tutausubiri."

Akatoka na nusu ya ndevu, jua likiwa bado halijazama, watu wakigeuka kumtazama barabarani. Mwenye duka akasimama na wembe mkononi, akimwangalia hadi alipopotea kwenye kona.

"Mama mkubwa," akasema mwishowe, "daktari anarudi lini? Mpaka hapo kiti chako simpi mtu."