Makofi kwa Wageni

Mwenyekiti wa kijiji alitutambulishia wageni waliotaka kujenga jumba la kompyuta za kuhifadhi data hapa Mkiwa, zipoozwe kwa maji ya kisima chetu. Tukapiga makofi. Kwetu mgeni akitambulishwa anapigiwa makofi, hata kama humpendi. Bwana mmoja kati yao, mwenye tai, akasema ameona tumekubali. Tumekubali nini, mshenzi yule?

Mkutano wa pili tukaapa hakuna kupiga. Tukawatazama tu, kimya. Yule bwana akatabasamu: "Nashukuru, hakuna aliyepinga."

Mama yangu akanyoosha mkono ili aulize sisi tutakunywa nini.

"Mama, muda umekwisha," mwenyekiti akasema. "Tuwapigie makofi wageni wetu, wasafiri salama."

Mama akaushusha mkono wake, akapiga.