Chuo Kisichojua Kitu

Mjaka Silima wa Konde alikuwa na kazi ambayo hata mkewe, Siti, alishindwa kuieleza kwa mashoga zake. Serikali ilimpa ndoo ya rangi nyeupe na kitabu, ambacho watu wa pale walikiita chuo. Kwa rangi aliitia nambari mikarafuu yote ya pale, tangu wa kwanza hadi wa mia sita. Kitabu nacho kilijaa tarakimu tupu, zimemwagwa makusudi bila mpango.

Mikarafuu ilikuwa ikifa ghafla, hivyo kila mwezi mti mmoja ulichimbwa ili mizizi ikaguliwe. Uliochimbwa haukupona. Ili asimwonee mtu, Mjaka alifumba macho, akatua kalamu juu ya ukurasa, na nambari iliyoguswa ndiyo hiyo. Mti wa tajiri na wa fakiri, nafasi yao ni moja. Mjaka aliipenda sana haki hiyo. Hakuwahi kuiona kwengine.

Watu walimwona anapiga bismillahi na kufumba macho, wakajua ni ramli. Wakamletea habari za mbuzi waliopotea.

"Chuo hichi hakijui kitu," aliwaambia. "Ndiyo sifa yake."

Wakasema anaringa.

Mwezi wa saba kalamu ikatua 417, mkarafuu pekee wa Bi Kijakazi, mama mkwe wake, aliyemkataa mara mbili kabla ya kumwoza Siti. Bibi akaja mbio.

"Kumbe hujasahau! Weye wanilipiza. Ukichimbwa mti wangu, Siti arudi kwetu."

Mjaka alimpenda mkewe. Akamnyooshea kalamu. "Basi chagua mwenyewe, mama."

Bi Kijakazi akafumba macho, akasoma dua ndefu kuliko ukurasa wenyewe, akagusa. 233. Mjaka akatazama daftari la wenye miti: mti wa Mzee Pandu, kiziwi, mwenye mti huo mmoja na wajukuu wanne. Mzee Pandu alikuwa amekaa kibarazani mwake, ng'ambo ya njia, akawapungia mkono kwa furaha.

Bibi akapunga naye. Kisha akamgeukia Mjaka.

"Na kila mwezi wafanya hivi?"

"Kila mwezi, mama."

"Roho haikuumi?"

"Yaniuma. Siti ajua."

Akamrudishia kalamu kama inayomchoma. "Andika wangu, ndo uliotangulia. Na mwambie Siti aongeze mchele, leo nala kwenu."

Mjaka akaandika 417. Saba ikatoka kama moja, ikabidi aifute aiandike upya.