Epinari Haing'olewi kama Maharage

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni ile niliyosimama karibu na bomba la maji huko Kirotshe, nimeshika fungu la epinari, yaani spinachi, lenye mizizi na udongo wake, na mwanamke mzee ananitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Nitakusimulia, mjukuu wangu, kwa sababu jana ulinicheka. Uliingia ukanikuta nimeketi jikoni na kisu, natenga majani na vijiti, ukasema, "Koko, hii kazi iko ya bamama." Mke wako amebakiza mwezi mmoja kujifungua, nawe umekwisha kusema kwamba ukimfikisha hospitalini utarudi Ngungu kuangalia ng'ombe. Basi kaa chini, kisu changu na mboga viko hapa tena. Ng'ombe wako hawatakufa kwa nusu saa.

Nilikuwa na umri kama wako. Bibi yako Sifa, huyu unayemsikia akikohoa kule nje ili nijue kwamba anasikiliza, alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza katika hospitali ya Kirotshe. Mtoto alikuwa mzima. Mama ndiye aliyepoteza damu nyingi, mpaka midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Muuguzi aliniita kando akaniambia kwamba dawa wanampa, lakini damu hairudi kwa dawa peke yake. Lazima ale: maharage, mboga za majani, nyama kama ipo. Na asipokula, alisema, maziwa ya mtoto yatatoka wapi?

Unajua kwetu mgonjwa hapikiwi na hospitali. Lazima awe na gardemaladi wake, ndugu wa kulala karibu naye, kumfulia na kumpikia. Mama yangu alikuwa na mguu uliovimba. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kufariki. Dada yangu alikuwa na mapacha mgongoni na kifuani. Nikabaki mimi, mwanaume aliyejua kulima, kukama na kula. Kupika sikujua hata kuchemsha maji bila kuyamwaga.

Sifa aliniambia nipande mlima hadi nyumbani, nilete maharage, kipande cha fromaji, jibini yetu ya Masisi, na epinari ya bustani yake ya nyuma ya jiko. Bustani ile, mwanangu, ilikuwa fahari yake. Aliianza wiki ileile alipoolewa, kwa mbegu aliyopewa na mama yake kabla hajafa. Kila jioni alichuma majani machache, na kila jioni nyingine yalikuwa yamerudi.

Nilifika Ngungu jua linazama. Asubuhi gari la viazi lilikuwa linateremka ziwani, na dereva alikwisha kuanza kupiga honi. Majirani walikuwa wanapita kwenda shambani. Nikaona aibu kuinama pale nichume jani mojamoja kama msichana. Nikafanya nilivyojua. Mimi ni mtu wa maharage, na maharage yakikomaa hung'olewa shina zima. Nikaing'oa epinari yote, mstari hadi mstari, nikaitia ndani ya gunia, nikakimbia. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, lakini wazee hawakuwa wanapigiwa honi.

Nilipika siku hiyohiyo. Nilijaza sufuria majani mpaka juu, nikamimina maji mpaka juu, na nikatia chumvi ya kutosha mlima ule wote niliouona. Nikafunika, nikaenda kusimama mbali kidogo na jiko ili watu wafikiri kwamba chakula kile ni cha mwingine. Niliporudi, mlima ulikuwa umekwisha. Chini ya sufuria palikuwa na kitu cha ukubwa wa ngumi yangu, rangi ya kahawia, na chumvi yote imebaki palepale.

Nikampelekea. Sifa akaonja, akameza kwa shida, akaniambia asante. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Papa Riziki, mu bustani ulichuma majani ya inje tu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Uliacha moyo wake?"

"Niliacha."

Moyo wa epinari ni yale majani madogo ya katikati, yaliyojikunja. Ukiyaacha, mmea unaendelea kuzaa. Sifa akasukuma sahani, akasema ameshiba, akageukia ukutani. Jioni hakula. Asubuhi hakula. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kusikiliza kilio kile.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia bombani. Nilikwenda kuosha epinari iliyobaki, na pale palikuwa na Koko Feza, mzee kama mimi nilivyo leo, mama wa Walikale aliyekuwa akimwuguza kijana wake aliyevunjika mguu akibeba mizigo kwenye njia ya machimbo ya Bisie. Alikuwa mfupi, amefunga kitenge cha kijani, na hakuwa na haraka ya kusema. Alitazama mizizi. Akanitazama mimi.

"Papa, weye njo ulingoa hii yote?"

Nikaificha mizizi nyuma ya mguu.

"Kwetu, muntu anangoa mboga na mizizi kama iko nahama. Muko nahama?"

"Hapana, Mama."

"Bibi yako mugonjwa anajua?"

Nilitazama maji. Sijui kwa nini, lakini mbele ya mama yule nilishindwa kudanganya tena. Nikamweleza yote: gari, honi, majirani, aibu, lile neno "niliacha", na kwamba Sifa hali tena. Nilikuwa nimetazamia anicheke. Hakucheka.

"Njo maana hakule," akasema. "Mwanamuke anasikia uongo mbele ya kusikia chumbi. Enda umuambie. Kisha urudi hapa, nikufundishe kupika. Ao unasikia haya kuliko unasikia bibi?"

Swali hilo lilinichoma, mwanangu, na linanichoma mpaka leo. Kwa maana ilikuwa kweli. Tangu nilipofika pale nilikuwa nikichunga sura yangu mbele ya watu nisiowajua, na mke wangu alikuwa anakauka kitandani. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimezaa tayari, bado naficha.

Nikaingia wodini. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya. Nikasema, "Sifa, nilingoa yote. Hakuna hata moyo moja ilibakia."

Akafunika uso kwa shuka. Nilifikiri analia. "Ulingoa kama maharagi?"

"Kama maharagi."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, mkono tumboni. "Hapana nichekesha, naumia," akasema, na akaendelea kucheka, mpaka mama wa kitanda cha pili akauliza kuna nini, naye alipoambiwa akacheka pia, na wodi nzima ikajua kosa langu. Nilikuwa nimeogopa aibu siku mbili. Ilipokuja, ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani.

Nikarudi jikoni, Koko Feza akanifundisha, na ninavyopika leo ni vilevile. Sikiliza vizuri, maana hutanipata tena nimetulia namna hii. Osha majani katika maji matatu, kwa kuwa udongo wetu wa mlimani una mchanga mwembamba unaojificha kwenye mikunjo, na mchanga ukiingia menoni hakuna utamu tena. Tenga vijiti na majani. Vijiti vikatekate vidogo, vitangulie sufuriani pamoja na kitunguu na puaro, kile kitunguu cha majani marefu, maana vinachelewa kuiva. Mafuta ya mawese yapate moto kwanza, bila kutoa moshi. Hayo alinipa yeye, kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo toka Walikale, na sikuwa nimemwomba. Ndipo majani yafuate, bila maji. Maji yaliyobaki juu yake baada ya kuosha yanatosha. Usifunike, yatapoteza rangi yake. Geuza mara mbili, tatu, na usiondoke hapo kwenda kujificha. Yakisinyaa, hapo ndipo utie chumvi, kwa sababu sasa unaona kiasi chenyewe. Mimi nilitia chumvi kwa mlima, na mlima wa majani ni wa kukudanganya.

Ukiwa na karanga zilizotwangwa, zikoroge mwishoni. Ukiwa na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakaange kando wakauke, uwaweke juu wakati wa kula. Siku ile sisi tulikuwa na fromaji ya Masisi. Nilipovunja vipande vidogo juu ya mboga ikiwa bado ya moto, Koko Feza alitazama kwa wasiwasi, maana kwao fromaji si chakula cha kila siku. Akaonja. Akaongeza kipande kingine yeye mwenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Nikaichukua sahani. Alinishika mkono. "Usimupe na uende. Ukae, mule sahani moja. Mugonjwa akikula peke yake anafikiri weye hukukula."

Nikakaa. Nikamega bugali, nikachovya, nikala kwanza ili aone. Sifa akamega. Akamega tena. Nilihesabu matonge yake kimya kimya kama mtoto, na alipopita la sita nikageuza uso dirishani ili asione macho yangu. Aliona. Alifuta sahani kwa kidole. Siku ya tatu yake maziwa yakaja kwa wingi, mpaka mtoto akalala katikati ya kunyonya, mdomo wazi.

Na ile mizizi? Koko Feza alinikataza kuitupa. Tulikata majani yake makubwa, tukabakiza moyo na mizizi, tukaizika kwenye udongo wenye unyevu nyuma ya jiko la magardemaladi, tukaifunika kwa jani la mgomba mchana wa jua. Mingi ilikufa. Saba ikashika. Tulipotoka hospitalini, Sifa alipanda gari akiwa na mtoto kifuani, na mimi nikapanda na beseni la epinari mapajani, mbele ya wanaume wote wa Ngungu. Koko Feza sikumwona tena. Lakini epinari unayokula hapa kwangu kila Jumapili ni uzao wa ile saba, na yule mtoto aliyelala mdomo wazi ni Riziki, mama yako.

Basi nenda na mke wako Kirotshe, na ubaki. Ng'ombe nitawaangalia mimi. Ukipita bustanini asubuhi hiyo, hata dereva akipiga honi mpaka achoke, inama, chuma majani ya nje, acha moyo. Ukikosea, na utakosea, mwambie kabla chakula hakijapoa. Uliza usichokijua, hata mbele ya watu. Na ukishaweka sahani, kaa ule naye.

Mungu awape mtoto mwenye kilio cha nguvu, na mama mwenye midomo myekundu. Mikono yako ipike bila haya, na nyumba yako isikose kitu cha kijani nyuma ya jiko. Sasa chukua kisu hicho unisaidie na vijiti. Bibi yako amekohoa mara tatu, anataka kula.