Fremu ya Pangoni

Kaka yangu ni seremala, na ubishi wake hauna dawa. Miaka miwili iliyopita alileta nyumbani kipeperushi cha hifadhi ya jimbo, ile yenye mapango, akatusomea kwa sauti kama anasoma wosia. Huko wageni hutembezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni pana, ina ngazi na taa, hata bibi mwenye mkongojo anapita. Ya pili inafika chumba cha ndani kabisa chenye ziwa, lakini katikati kuna upenyo wa kutambaa: upana sentimita arobaini, kimo thelathini na tano.

Mtu mwingine angekisia tu. Kaka alikwenda karakana akapiga fremu ya vipimo hivyohivyo, akaisimamisha sebuleni. Yeye akapita. Akafuata mkewe, wifi yangu, ambaye sote tulimwita Bonge na mwenyewe akiitika. Akakwama kiunoni. Alicheka mpaka machozi, akatambaa na fremu yake hadi mlangoni.

"Si mwende kwa njia pana?" nikawaambia.

"Nimpeleke mke wangu mpaka huko halafu asione ziwa?" kaka akanijia juu. "Atapungua kidogo, tutakwenda."

Fremu ikatundikwa karakana. Mwaka jana wifi akaanza kupungua bila kujinyima chochote, nasi tukampongeza, wajinga sisi. Tulipofika hospitali, daktari alisema ugonjwa umeshaenea, akatushauri tumpe kile anachopenda.

"Ninachopenda ni lile ziwa," alisema Jumapili iliyopita, nikimsaidia kuvaa sweta. "Ishusheni fremu."

Kaka aliinamisha kichwa. "Safari hii twende kwa njia pana, mke wangu. Hata kutembea kunakushinda."

"Miaka miwili umeninyima njia pana, leo ndiyo unaikumbuka? Nitatambaa. Si ndivyo wanavyotaka huko pangoni?"

Fremu ikaletwa. Wifi alilala kifudifudi kwenye mkeka, akajivuta kwa viwiko. Kikapita kichwa, mabega, kiuno. Sweta haikugusa mbao upande wowote.

"Bonge kapita!" alisema akihema. Hakuna aliyecheka.

Kaka alipiga magoti, akatoa futi mfukoni. "Mbao imetanuka," alisema. "Ule ukuta wa karakana una unyevu." Akapima upana: arobaini. Akapima kimo: thelathini na tano. Akaanza upya, upana, kimo, kona kwa kona, kana kwamba si yeye aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa wetu. Nilikuwa nimemkasirikia miaka yote miwili kwa ajili ya lile ziwa lake. Pale hasira ikaniisha, nikamhurumia tu.

"Acha kupima," wifi akamwambia. "Piga simu."

Akapiga, akaweka sauti ya juu ili tusikie sote. Karani wa hifadhi alikuwa binti mchangamfu. Akasema njia ya ndani imejaa, nafasi ya karibu ni baada ya miezi minne.

"Hakuna ya karibu zaidi?" kaka akauliza.

"Jamani mzee, haraka ya nini?" binti akacheka. "Pango halihami."

Kaka aliiweka simu mkekani. Wifi alikuwa bado amelala upande wa pili wa fremu, shavu kwenye mkeka. Akanyoosha mkono, akaivuta simu karibu.

"Tuwekee wawili, mwanangu," akasema.