Siku Baba Alipokagua Nyumba Yangu Syokimau

Mwanangu, nakumbuka siku moja, Jumamosi ya jua kali, nilipoingia nyumba ya mfano kule Syokimau nikavua viatu mlangoni. Hakuna aliyeniambia nivue. Taili ziling'aa mno, nikaona haya kuzikanyaga. Nilikuwa muuguzi kijana, mimi na mume wangu tukipanga vyumba viwili Mlolongo, ambako vumbi la machimbo ya mawe liliingia hadi ndani ya sufuria. Sasa nisimame mbele ya jiko lile, lenye meza ya granaiti na taa ndogondogo zilizofichwa darini! Nilipiga makofi kama mtoto, nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, hii ndiyo nyumba yangu!"

Hapo nilikuwa nimeshakosea, na hata sijaanza kuulizia bei.

Kijana wa mauzo alinisikia. Simlaumu, alikuwa kazini. Akanieleza kwa heshima kwamba nyumba zenyewe bado zinajengwa, kuta zimesimama lakini plasta bado, na kwamba nyumba ya kawaida haiji na vile nilivyoviona. Granaiti ni nyongeza. Dari ya jipsam ni nyongeza. Kabati zenye vioo, kibaraza cha mbao nyuma, vyote nyongeza. Akanipa karatasi yenye orodha, nami nikatia alama kila nilichokipenda. Nikauliza kama watanipunguzia. "Hiyo bei huwa haishuki, madam," akasema, nami nikatosheka. Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Nilipompigia simu akasema, "Wewe una jicho zuri, chagua tu." Nikalipa cha kuishika nyumba, nikaambiwa nirudi kusaini mkataba ukiwa tayari.

Katikati ya wiki nikapata siku ya mapumziko, nikaenda nyumbani Wamunyu kutangaza habari njema.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Nilimkuta ameketi kwenye karakana yake, maranda ya mbao yamemfunika hadi vifundo vya miguu, anapiga msasa shingo ya twiga. Sauti ile ya msasa, mwanangu, ningeweza kuisikia tena leo ningeacha kila kazi nikae tu niisikilize. Ndiyo iliyonilea, ndiyo iliyonisomesha. Nilimsimulia yote, granaiti, taa, kabati, naye hakuacha kusugua. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Na mwaitu wako atalala wapi?"

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama sisi Wakamba. Mama alikuwa magoti yamemwisha, na tulikuwa tumekubaliana aje kukaa nami ili awe karibu na kliniki za Nairobi. Ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kutafuta nyumba. Na mimi nilikuwa nimechagua nyumba ya ghorofa, vyumba vya kulala vyote juu, chini kijichumba kimoja cha kusomea, choo hakuna. Nilikumbuka taa za darini nikamsahau aliyenizaa.

Baba akamweka twiga chini. "Umenunua na macho, mwanangu. Macho huwa na njaa hata baada ya kula. Umesaini mkataba?"

"Bado."

"Basi bado hujanunua. Jumamosi tutaenda pamoja."

Akanipa somo ambalo sikulipata shuleni. "Umeniona nikiuza tangu uzaliwe," akasema. "Mtu akiniomba nimpunguzie bei ya twiga, namkatalia. Nikimpunguzia huyu, kesho wenzake watasikia, wote watataka hivyo hivyo. Lakini akisema, 'Mzee, niongezee kijiko,' nampa na tunaachana tukicheka. Kijiko nilikichonga kwa kipande kilichobaki. Kwa hivyo usimwombe muuzaji kile kinachomuuma. Mwombe kile ambacho kwake ni chepesi na kwako ni kizito."

Jumamosi alikuja na koti lake la kanisani. Nyumba ya mfano hakutaka hata kuiona. Akaomba apelekwe kwenye nyumba yenyewe, ile ya mawe matupu. Akazigonga fremu za milango, akachungulia nyuma ya kuta, akaishia chini ya ngazi.

"Hapa pameachiwa nini?"

"Hapo ni stoo, mzee," kijana akasema.

"Bomba la maji machafu la jikoni linapita wapi?"

"Nyuma ya ukuta huo huo."

"Basi choo kinaweza kukaa hapa."

Kijana akacheka kwa adabu. "Mzee, hiyo haiko kwa orodha."

"Najua haiko. Ndiyo maana nimekuja kabla fundi hajapiga plasta. Niko na mgonjwa wa magoti."

Fundi wa mabomba akaitwa. Akapima kwa mikono, akakuna kichwa, akasema inawezekana, ila plasta ikishapigwa itakuwa ni kubomoa. Baba akamgeukia kijana. "Bei ya nyumba sitaigusa. Toa hiyo dari ya jipsam, toa kabati za vioo. Badala yake tupe choo na sinki hapa, na mlango mpana. Halafu tuongezee tangi la maji na mifereji ya paa. Sisi watu wa Ukambani tukiona mvua inamwagika bure hatulali."

Kijana akaenda kwa mkubwa wake. Mimi moyo uliniuma, nisikufiche. Niliipenda ile dari. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Choo kimekubaliwa. "Na tangi na mifereji tutawapa tu, mzee, msijali."

Tulipotoka baba akanishika mkono. "Hakikisha yote yameandikwa. Hata hilo la msijali."

Siku ya kusaini nilikwenda na mume wangu, baba hakuwepo. Choo kilikuwa kimeandikwa, na mchoro wake. Tangi na mifereji havikuwepo. Nililiona pengo hilo, mwanangu, nililiona vizuri. Nilipouliza, yule kijana akasema, "Si tulikubaliana, madam?" Nikaona haya kuonekana simwamini mtu aliyetutendea wema. Nikasaini. Tulipokabidhiwa funguo, kijana alikuwa ameacha kazi, na pale ofisini hakuna aliyewahi kusikia habari ya tangi. Kiangazi cha kwanza tulinunua maji kwa mitungi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na baba hakunisuta. Alisikia, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Lakini choo kile! Mama aliishi nasi miaka minne. Kijichumba cha kusomea kikawa chake. Asubuhi nilikuwa nikisikia fimbo yake sakafuni, tok, tok, kisha mlango ukifungwa, kisha wimbo wa kanisani nyuma ya mlango. Siku moja aliniambia, "Hapa kwako simwombi mtu anibebe." Alituacha akiwa na heshima yake yote. Sijui dari gani ingenipa hilo.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukienda kununua nyumba mpya, mfiche muuzaji furaha yako hadi umalize kuongea. Kabla hujashika orodha yao, andika yako, na uanze na majina ya watu watakaolala humo. Yaliyo ndani ya ukuta yaombe mapema; ya urembo utayaongeza polepole ukijaliwa. Wakikataa kupunguza bei, usinune, omba nyongeza. Na neno lolote utakaloahidiwa, hata na malaika, liombe kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Kuomba liandikwe si utovu wa adabu. Aliye mkweli hataudhika.

Mungu akuongoze katika kununua kwako. Akupe makao yenye amani, wazee wako wapumzike humo bila kumwonea mtu haya, na watoto wako wakue humo wakijua kucheka. Nenda na baraka zangu.