Ubao Usiokauka

Hapana, usikalie ule ubao wa dirishani. Keti hapa, kiti hiki ni kikavu. Na kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na mtaimbo mkononi na akili zangu timamu. Sikusimuliwa na mtu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, hapa hapa Biryogo, mjini Kigali, katikati ya kiangazi, vumbi jekundu mpaka ndani ya chai. Mji haukuwa na utulivu. Vita vilikuwa kaskazini, lakini wasiwasi wake tulikuwa nao sisi huku. Mgeni aliulizwa kitambulisho kabla hajaitikia salamu. Mimi nilikuwa fundi seremala, na kazi ile niliipenda kwa sababu ukipiga misumari husikii redio.

Basi mfanyabiashara mmoja wa mtaani akanunua mashua kuukuu ya uvuvi huko ziwa Kivu. Alitaka ikavue ziwa Muhazi, lakini kwanza ipite Kigali itengenezwe, kwa kuwa mbao nzuri zilipatikana hapa. Lori likaishusha uani kwangu, tukaiweka juu ya magogo, watoto wakajaa kushangaa mashua iliyopanda mlima. Mbavu zake zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye sitaha, kile kisakafu kinachofunika sehemu ya mbele, ambapo chini yake wavuvi hujibanza kulala. Mbao zilikuwa zimeoza, unazichimba kwa kidole.

Wa kuiendesha alikuwa amekwisha kuchaguliwa: Haruna, mdogo wa mke wangu. Kijana wa maneno mengi, asiyejua kuogelea hata kwenye beseni. Mke wangu aliniambia, "Baba Asha, Haruna nimemlea mwenyewe. Hiyo mashua ikimzamisha, utanijibu wewe." Nikamwahidi kwamba sitabakiza hata ubao mmoja mbovu.

Sasa, mbao kuukuu za kazi ni kuni za fundi, ndiyo desturi yetu. Siku ya kwanza nikang'oa chache, mke wangu akazitia jikoni. Hazikushika moto. Zilitoa maji, yakachuruzika hadi makaa yakazimika, na ugali wa siku ile ulinuka samaki. Tukasema zimelowa kwa ndani. Tungesema nini kingine?

Kesho yake, jua la utosi, nilikuwa nimebakiza ubao mmoja, ule mpana wa katikati. Nikachomeka mtaimbo chini yake. Mtu akasema nyuma yangu, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya Kivu, "Uyo usitoe, fundi."

Nikageuka. Mwanamume wa makamo, amevaa kaptura, shati limemganda mwilini. Maji yalimdondoka vidoleni. Mvua tulikuwa hatujaiona tangu lini? Na niamini, jambo la kwanza nililofikiri halikuwa jini wala mzimu. Nilifikiri ni mpelelezi. Ndivyo tulivyokuwa mwaka ule.

"Umepita wapi?" nikamuuliza. "Geti nimelifunga."

Aliweka kiganja juu ya ubao, taratibu, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe wake. "Apa njo mahali yangu," akasema. "Nilikuwa nalala uku chini, mashua ikapinduka. Benzangu baliogelea. Miye nilibakia umu ndani."

Na unajua nilifanya nini? Nilibishana naye mambo ya useremala! "Ubao huu umeoza," nikasema, sauti nyembamba. "Nikiuacha, maji yataingia, na shemeji yangu atazama."

"Na ukiutoa, miye nitalala wapi?" Alinitazama bila hasira yoyote, na huko kukosa hasira ndiko kulikonitisha. "Nitalala na yeye tu, uyo shemeji yako."

Hapo nikaona nimeshikwa pande zote. Niuache, Haruna anakufa maji. Niutoe, Haruna anapata mwenzake wa kulala naye chini kule. Ungefanya nini wewe? Kinywani likanitoka lile neno tunalomwambia kila mtu mtaani, hata tusiyemtaka.

"Basi, karibu nyumbani."

Akainua uso. "Kweli?"

Nilikuwa nimesema kwa mazoea tu, lakini nikamwona Haruna akilini, mdomo umejaa maji. Nikasema, "Kweli. Ubao hautachomwa. Nitauweka kwangu, uwe na mahali. Ila huyo kijana muache."

"Shemeji, uko naongea na nani?" Alikuwa Haruna, anaingia getini na chupa ya chai. Nikageuka kwake, nikageuka tena kwenye mashua. Hakuna mtu. Vumbini palikuwa na nyayo zangu na za Haruna, basi. Lakini juu ya ubao palikuwa na maji, umbo la mtu aliyekaa. Haruna akacheka sana. "Jua imekupiga, shemeji! Kunywa chai."

Niliung'oa polepole. Upande wake wa chini ulikuwa laini, umebonyea mahali pa bega na mahali pa nyonga. Sitaha mpya nikaijenga kwa libuyu, mbao ngumu kutoka Zaire, nikaziba kila ufa kwa pamba na lami. Haikuvuja kamwe.

Ubao ule nikaupachika dirishani, na tangu siku hiyo haujakauka. Mke wangu aliufuta, akautandikia gunia. Asubuhi gunia likawa chepechepe. Nilipomweleza yote akasema, "Mgeni ni wako, na kupiga deki ni kwako pia." Mpaka leo napiga deki mimi.

Ya tisini na nne siyasimulii. Nitakuambia mawili tu. Haruna alivusha watu waliokuwa wakiwindwa ziwa Muhazi kwa mashua ile, wamelala chini ya sitaha yangu, na baadhi yao wanamwita baba hadi leo. Na sisi tuliporudi kutoka tulikokimbilia, nyumba tuliikuta imeporwa yote: mabati, milango, hata bawaba. Ubao peke yake ulikuwa umeachwa. Umelowa.

Kwa hiyo sikiliza. Ukinunua kitu kikuukuu, kiwe mashua au kitanda au mlango, uliza kwanza nani alikilalia. Na hilo neno karibu nyumbani, mtazame vizuri unayemwambia, maana wapo wanaoitikia.

Mimi sijuti. Haruna ana mvi sasa, bado anavua, ukimkataza anakucheka. Miaka yote hii, kila asubuhi kabla ya chai, nimekuwa nikiweka kiganja pale. Nikikuta maji, moyo unatulia: mgeni yuko kwangu, hayuko kwa Haruna. Lakini siku hizi vidole vyangu vimekufa ganzi. Sitofautishi tena ubaridi na maji, na macho yangu unayaona yalivyofifia. Haruna ameingia ziwani alfajiri, na tangu asubuhi simu yake haipatikani. Ndiyo sababu nimekuita ulipokuwa ukipita.

Nyoosha mkono, mwanangu. Gusa pale katikati. Umelowa? Niambie umelowa.